Gari Lililomtambua Mheshimiwa

Nchi ninayotaka kuisimulia haipo, na wananchi wake wamekwisha kuombwa waseme hivyo kila wanapoulizwa. Ina bendera, ina wimbo, ina jela, ina Wizara ya Maendeleo Yanayoonekana, lakini haipo. Msomaji atakayeona inafanana na nchi anayoijua atakuwa amekosea, na ashukuru kwamba kukosea kwa namna hiyo bado hakujatungiwa sheria.

Katika nchi hiyo kuna kata inaitwa Mgongolwa. Watu wa Mgongolwa wana tabia mbaya ya kukumbuka. Wanakumbuka kisima kilichozinduliwa mwaka wa njaa: utepe ukakatwa, ngoma zikalia, wageni wote wakahudhuria isipokuwa maji. Wanakumbuka jengo la kujifungulia lililozinduliwa likiwa ukuta mmoja, ule unaotazama kamera. Wanakumbuka, kisha wanapiga makofi, maana mikono haiulizwi kichwa kinawaza nini.

Watu hao waliomba pikapu. Waliiomba miaka mingi, kwa sababu wagonjwa wao walikuwa wakipelekwa hospitali ya wilaya kwa baiskeli, wamelazwa kwenye machela iliyofungwa kwa kamba za katani, na njia nzima ni mawe na makorongo. Aliyelibeba ombi hilo mkutano hadi mkutano alikuwa mzee Tindwa, aliyewahi kuendesha lori la pamba. Alikuwa na sababu. Mkewe alifia kwenye machela hiyo. Na sasa binti yake wa pekee, Wande, alikuwa mjamzito tena. Mtoto wa kwanza wa Wande alitolewa kwa kisu, akatoka amekufa, na nesi wa zahanati, Nyamizi, alimwambia Tindwa bila kuzungusha maneno kwamba huyu wa pili asijaribiwe pale kijijini. Uchungu ukianza tu, mama akimbizwe hospitali kubwa, la sivyo wazikwe wote wawili. Mume wa Wande hakuwepo. Alichukuliwa kujenga uwanja wa ndege, na kwa kuwa uwanja ulikuwa haujaanza kujengwa, alikuwa akilinda mahali utakapokuwa.

"Mimi sitaki gari zuri," Tindwa alisema mkutanoni. "Nataka gari linalowaka."

Serikali ilisikia. Na kwa kuwa ni Serikali inayosikia zaidi ya inavyoambiwa, iliona pikapu ni dharau kwa wananchi wake. Ikaagiza gari la wagonjwa la kisasa kupita yote, gari lenye akili, lisilotumia ufunguo, kwa maelezo kwamba taifa linalojiheshimu haliwezi kuendelea kuzungusha chuma ndani ya tundu.

*

Gari lilifika limebebwa mgongoni mwa lori, maana lilikuwa la kisasa mno kuja lenyewe. Lilifunikwa turubai gubigubi, likawekwa mbele ya ofisi ya Afisa Tarafa, Bwana Mtupili, naye akaweka mgambo wa kulilinda. Katika nchi ile kitu kisichozinduliwa hakijawa kitu. Bomba lisilozinduliwa halinywewi maji hata kama yanamwagika. Daraja lisilozinduliwa watu hupita chini yake, mtoni, viatu mkononi. Kwa hiyo gari lilikuwa pale, lakini halikuwepo.

Pamoja nalo alikuja fundi kutoka nchi rafiki, aliyetumwa kumfundisha dereva. Alimweleza Mtupili kwamba mtu wa kwanza kuketi kwenye usukani na kuzungumza, gari litamshika kwa sauti yake, litamfanya ndiye bwana wake, na halitamtii mwingine yeyote. Kwa hiyo mtu huyo awe dereva. Mtupili alitabasamu kwa huruma. Dereva aketi kabla ya mgeni rasmi? Hata kusemwa jambo hilo lisingesemwa mbele ya mgambo. Fundi akasubiri uzinduzi. Mheshimiwa alikuwa na shughuli. Fundi akasubiri mpaka homa ya malaria ikamlaza, akarudishwa kwao pamoja na ujuzi wake.

Katika kusubiri huko mzee mmoja, Kilapo, alibanwa na kifua akaletwa ofisini kuomba msaada. Walimlaza kwenye kivuli cha gari la wagonjwa, na hapo akafa, mkono wake umeng'ang'ania turubai. Mgambo alivifungua vidole kimoja kimoja, kwa adabu kubwa, asije marehemu akalizindua.

Hatimaye akaja Mheshimiwa Daktari Balozi Ndimbwike, Waziri wa Maendeleo Yanayoonekana. Akakata utepe, akapanda, akaketi kwenye usukani. Gari likasema kwa sauti ya mwanamke mpole: "Karibu. Ili nikutambue, tafadhali sema maneno machache."

Mheshimiwa hajawahi maishani mwake kusema maneno machache. Alianza kwa kuwatambua waliokuwepo: Mkuu wa Mkoa, Mkuu wa Wilaya, waheshimiwa madiwani, viongozi wa dini zote kwa madhehebu yao, wazee maarufu, wazee wa kawaida, kina mama, vijana, kwaya, ngoma, na waandishi wa habari. Ndipo akaingia kwenye hotuba yenyewe. Alisema tunasonga mbele. Alisema hatutarudi nyuma. Alisema tusimame imara. Gari lilijaribu kumweleza kwamba limeshamtambua, naye akadhani linamshangilia, akaanza upya. Watu wote walikuwa wameinua simu zao wanarekodi, maana asiyeinua simu alikuwa akitazamwa. Likajifunza kila neno lake, kila mvuto wa pumzi, na kikohozi chake kile cha kabla ya kuahidi.

*

Kesho yake Tindwa, aliyeteuliwa kuwa dereva, alipanda kwa mara ya kwanza, amevaa shati la sikukuu. Gari likamjulisha kwamba yeye si Mheshimiwa, likamwomba ashuke. Alishuka, akapanda kwa mlango mwingine, likamwambia hivyo hivyo. Mtupili akapiga simu Wizarani, na Wizara ikajibu kwamba gari haliwezi kuwa bovu kwa sababu ni jipya, na kwamba kama kuna kitu kibovu kitafutwe miongoni mwa wananchi.

Nesi Nyamizi ndiye aliyechoka kuwaza akaifungulia hotuba kwenye simu yake, aisikilize amcheke Mheshimiwa kidogo, na alikuwa ameegemea mlango wa gari. Gari likawaka taa zote.

Tangu siku hiyo wakalielewa. Hotuba ikianza na kuwatambua viongozi, milango inafunguka. Ikifika kwenye kusonga mbele, gari linaondoka. Ikifika kwenye kusimama imara, linafunga breki hapo hapo, kwa hiyo ilibidi simu ikae mkononi mwa Nyamizi aliruke neno hilo. Kurudi nyuma halikurudi kabisa, kwa kuwa Mheshimiwa alikwishatoa msimamo. Likitaka kugeuzwa linazungushwa uwanja mzima wa mpira. Na sauti ikikatika njiani, gari linaamini bwana wake ameshuka. Linasimama, linafunga milango yote kumlindia mali yake, na halifungui mpaka limsikie tena, kuanzia salamu.

Lilikuwa na mengine. Lilipewa ramani na Wizara, na katika ramani ya Wizara barabara ya Mgongolwa ilikwisha kuwekwa lami siku nyingi. Basi likikanyaga mawe linalalamika kwamba dereva ametoka barabarani, linamsihi arudi, njia nzima, mpaka hospitali. Likimtazama Tindwa usoni linaona mtu aliyechoka, linamshauri akalale. Mgonjwa akilazwa nyuma linampigia kengele afunge mkanda aketi wima.

"Baba Wande," Nyamizi alimwambia siku moja, wamemshusha mgonjwa wa degedege, "mimi naona hili limeletwa litusimamie, si kutubeba."

"Linawaka," Tindwa alijibu. "Niachie mimi na linalowaka."

Kweli liliwaka. Wagonjwa walifika, wamechanganyikiwa kwa hotuba lakini hai. Bi kizee mmoja, Sikitu, aliomba njia nzima sauti ya huyo mwanamume ipunguzwe, yeye afe kwa amani, na hakufa. Tindwa akiwa nyumbani alimtazama Wande tumbo linavyokua, kisha akalala usingizi ambao hakuwa ameupata tangu mkewe azikwe. Ile baiskeli ya machela ilichukuliwa na Mkoa ikawekwe jumba la makumbusho, watoto wajue tulikotoka. Bodaboda zikakatazwa kubeba wagonjwa, kwa sababu kata yenye gari lenye akili haiwezi kuonekana inafunga watu kwenye pikipiki.

*

Kisha asubuhi moja redio ya taifa ilisoma majina ya mawaziri, na ilipofika kwenye Wizara ya Maendeleo Yanayoonekana ikapiga muziki.

Katika nchi ile kiongozi hafukuzwi. Anakuwa hajawahi kuwepo. Kufikia jioni picha zake zilikuwa zimeshushwa, misumari ikabaki. Mtaa uliokuwa na jina lake ukawa mtaa tu. Likatoka tangazo kwamba yeyote mwenye sauti yake, kwenye simu, kwenye kanda, au kwenye chombo chochote, aisalimishe.

Mtupili alizunguka nyumba kwa nyumba akifuta. Hakuwa mtu mbaya, na hilo msomaji alishike. Alikuwa na watoto wanaosoma na mke mwenye presha, na alifuta kwa uso wa mtu anayepukuta vumbi. Alipofika zahanati Nyamizi alimpa simu bila ubishi, akamuuliza tu gari litaendeshwaje.

"Gari mnalo," Mtupili alisema.

"Halisikii sauti nyingine, Bwana Afisa."

"Basi lizoesheni. Mbona mnapenda kuleta matatizo? Gari limezinduliwa, limekabidhiwa na..." Akalitazama gari, akamtazama nesi. Alikuwa ametambua jambo. Aliyelizindua hajawahi kuwepo. Kwa hiyo gari halijazinduliwa. Na kama halijazinduliwa, wamekuwa wakilitumia kinyume cha taratibu.

Akaagiza gari likokotwe hadi mbele ya ofisi yake, turubai lirudishwe.

Tindwa alimfuata ofisini siku hiyo hiyo, akavua kofia, akamkumbusha kuhusu Wande. Alimwambia mwezi wake umefika. Mtupili alimpa kiti, akamwagizia chai, akamweleza kwamba Waziri mpya ameombwa aje kuzindua na tarehe itatangazwa. Tindwa akamuuliza kama mtoto aliye tumboni naye amejulishwa tarehe. Mtupili alimwongezea sukari.

*

Uchungu ulimshika Wande siku ya gulio, jua liko utosini. Nyamizi alimpima akatoka nje akatikisa kichwa kwa Tindwa, na Tindwa akaenda kutafuta pikipiki. Mwenye bodaboda wa kwanza alikataa, akasema pikipiki ya kaka yake ilishachukuliwa kwa kosa hilo. Wa pili aliondoka kabla hajaombwa.

Tindwa akaenda mbele ya ofisi ya Afisa Tarafa, Nyamizi akimfuata amemkokota Wande, akalivuta turubai likaanguka. Mgambo alikuwa gulioni anakula mishikaki. Tindwa akasimama mbele ya mlango wa gari, akakohoa, akaanza kuwatambua viongozi.

Alikuwa ameisikiliza hotuba ile safari baada ya safari mpaka ilikuwa imemwingia mifupani. Alimtoa Mheshimiwa mzima mzima: ile sauti nzito ya kutoka kitambini, ule mtindo wa kuvuta herufi za mwisho, na kikohozi. Nyamizi alisema baadaye kwamba mdomo ulikuwa wa Baba Wande lakini kilichotoka ndani kilikuwa mtu mwingine. Gari likafunguka.

Wakamlaza Wande nyuma, Nyamizi akakaa naye. Tindwa akashika usukani, akahutubia. Njia inapita katikati ya gulio. Watu wakasikia sauti ya mtu asiyewahi kuwepo inakuja kwa mwendo, madirisha wazi, inaahidi umeme. Kina mama waliacha mizani. Muuza dagaa mmoja alipiga makofi kwa mazoea, kisha akaangalia mikono yake.

Mwisho wa gulio kulikuwa na kizuizi cha ushuru, na Mtupili alikuwa pale na askari wawili. Aliruka barabarani. Gari likaona mtu mbele likasimama lenyewe, kwa kuwa limefundishwa utu.

"Nyamaza," Mtupili alimwambia Tindwa kwa sauti ya chini. "Mzee wangu, nakuomba, nyamaza."

Tindwa aliendelea kuahidi umeme, machozi yanamtoka, akionyesha nyuma kwa kidole gumba. Askari wakafungua mlango wakamvuta nje, mmoja akamziba mdomo. Sauti ikakatika. Gari likangoja kidogo. Halafu likapandisha vioo na kufunga milango yote, likamwambia Mheshimiwa aende salama, mali yake inalindwa.

Nyamizi na Wande walikuwa ndani.

Vioo vilikuwa vya kuzuia risasi, maana aliyeagiza gari hakuwa akifikiria wagonjwa. Askari mmoja alipiga kwa kitako cha bunduki, kitako kikapasuka. Nyamizi alionekana anasema, midomo inakwenda, hasikiki. Akaonyesha mikono yake kwenye kioo. Ilikuwa myekundu mpaka kwenye viwiko.

Mtupili akapiga simu kwa Mkuu wa Wilaya. Aliomba ruhusa mzee mmoja aseme maneno fulani, kwa sauti fulani, kwa muda mfupi.

"Sauti ya nani?" Mkuu aliuliza.

"Ya mtu... siwezi kumtaja, mkuu."

"Kama huwezi kumtaja hayupo. Kama hayupo hana sauti. Sasa unaniomba ruhusa ya nini, Mtupili?"

"Kuna mama anajifungua ndani ya gari, mkuu."

"Gari lipi? La kwenu halijazinduliwa."

Simu ikakatwa. Mtupili alibaki ameishika sikioni. Gulio zima lilikuwa limesogea, watu wamezunguka kimya, na katikati yao askari wamemkandamiza Tindwa chini, uso kwenye changarawe. Ndipo Mtupili akawaambia askari wake, bila kuwatazama, kwamba kule nyuma ya mabanda ameona mbuzi wasiolipiwa ushuru, waende wakawaangalie. Askari walimtazama. Akarudia. Wakamwachia Tindwa wakamfuata, wote watatu, migongo yao ikiwa imenyooka kama ya watu wanaotembea mbele ya bunduki.

Tindwa alitambaa hadi kwenye mlango wa gari. Alianza, na sauti ikatoka yake mwenyewe, ya mzee anayelia. Gari halikumjua. Akatema changarawe, akaanza tena. Kuruka hakuwezekana, ilikuwa lazima aanzie kwenye salamu. Akamtambua Mkuu wa Mkoa. Akamtambua Mkuu wa Wilaya. Ndani, Nyamizi alikuwa ameinama haonekani. Akawatambua waheshimiwa madiwani, sauti ikakwama, gari likamrudisha mwanzo. Akamtambua tena Mkuu wa Mkoa. Mwanamke mmoja katika umati alijifunika uso kwa kanga. Akawatambua viongozi wa dini kwa madhehebu yao, wazee maarufu, wazee wa kawaida, kina mama, vijana, kwaya, ngoma. Alipofika kwa waandishi wa habari milango ikafunguka.

Nyamizi alishuka na mtoto, kamfunga kwenye koti lake jeupe ambalo halikuwa jeupe tena. Mtoto alikuwa akilia. Nyamizi alisogea tu pembeni, ampishe Tindwa apande kwa binti yake.

*

Serikali ilichukua hatua. Gari lilioshwa kwa dawa ya kusafishia, likarudishwa mbele ya ofisi. Waziri mpya alikuja kulizindua, na kwa kuwa alikuwa ameonywa asiliongeleshe, alilizindua akiwa mbali, kwa kulipungia mkono. Halijamtambua mtu mwingine mpaka leo. Mtupili alihamishiwa kwenye tarafa ambayo haijulikani iko wapi, na mkewe alipouliza aliambiwa ni siri ya utumishi.

Tindwa alishtakiwa. Kesi iliwapa shida wanasheria, kwa sababu hawakuweza kutaja sauti aliyoiiga ni ya nani. Hatimaye Hakimu aliona kwamba koo la mshtakiwa limechanganyika na mali ya Dola, na kwamba mpaka wataalamu watakapotenganisha kipi ni chake na kipi si chake, asitoe sauti yoyote. Akaruhusiwa kwenda nyumbani. Redio iliisifu hukumu hiyo kwa utu wake, maana mzee hakufungwa hata siku moja. Aliwekewa tu askari wa kukaa naye kibarazani, kusikiliza kama ananyamaza.

Akanyamaza. Wande alikwisha kuzikwa kando ya mama yake, naye alimlea mjukuu wake wa kike kimya, akimbembeleza kwa kumpapasa mgongo. Nyamizi alikuwa akipita jioni kuleta maziwa, anasema yeye peke yake kwa niaba ya wote watatu.

Huko Mgongolwa jina la mtoto hutamkwa na mkubwa wa nyumba, mlangoni, kwa sauti ya kumfikia jirani. Jina la kuandikwa tu halihesabiki. Mtoto asiyetamkwa hata akifa hazikwi kwa jina. Baba mtu hakuwa amerudi kutoka kulinda uwanja wa ndege, na mkubwa wa nyumba alikuwa mmoja. Wakaenda wazee kuomba kibali atamke neno moja tu. Wakaambiwa suala liko kwa wataalamu. Mtoto akaota meno hana jina. Watu walimwita huyo, au yule wa gari.

Siku moja asubuhi, majirani wanafagia na Nyamizi amepita mapema na maziwa, Tindwa alitoka na mtoto mkononi, akasimama kizingitini. Askari aliyekuwa kibarazani aliona anavyovuta pumzi, akamwambia, "Babu, usifanye hivyo. Mimi nitalazimika."

Tindwa akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Kisha akampandisha mtoto begani, akasema, "Wande." Sauti ilikuwa ikikwaruza kwa kukaa kimya, haikufika hata mtaa wa pili. Ng'ambo ya ua mwanamke mmoja akaacha kufagia, akaitikia kama inavyotakiwa, "Wande, tumemsikia." Wa nyumba ya pili naye akaitikia, na wa baada yake, jina likishuka nyumba kwa nyumba kuelekea gulioni.

Askari alivaa kofia yake. Tindwa akampa Nyamizi mtoto, akanyoosha mikono afungwe pingu.